Hesabu ya Wasiokuja

Katika gemu za mtandaoni za watu wengi, uvamizi ni ile kazi ambayo mtu mmoja haiwezi hata akiwa hodari vipi. Wachezaji kumi, ishirini au zaidi huingia pamoja katika ngome moja, kila mmoja na wajibu wake, na kukabili mabosi, yaani maadui wakuu wa ngome, mmoja baada ya mwingine kwa saa mbili au tatu. Wapo wanaoufanya usiku nne kwa wiki, wakijipima na vikundi vingine duniani. Hao wana sheria zao na makala haya hayawahusu. Wanaotuhusu ni wale wenye ajira, watoto au masomo, wanaotaka usiku mmoja tu kwa wiki, wacheke, waue mabosi wachache na kulala. Vikundi vya namna hii huanzishwa kila mara na vingi havimalizi miezi mitatu. Sababu inayotajwa kila vinapovunjika ni udhaifu: watu hawajui kucheza, hawasomi mbinu, wanakufa ovyo. Nadhani sababu hiyo inasingiziwa. Kikundi cha mara moja kwa wiki huuawa kwanza na hesabu ya mahudhurio, na ndiyo maana kikitaka kulegeza kila kitu kingine, hakina budi kukaza kimoja: saa.

World of Warcraft, iliyotolewa na kampuni ya Blizzard Novemba 2004, inafaa kuchunguzwa hapa kwa sababu imeishi miaka mingi na imebadilisha kanuni zake mbele ya macho ya wachezaji wake. Mwanzoni ngome kubwa kama Molten Core na Blackwing Lair zilitaka watu 40. Kukusanya watu 40 kwa saa moja, kila wiki, bila malipo, ni kama kuandaa harusi kila Jumatano. Januari 2007, toleo la The Burning Crusade lilishusha idadi hadi 25, likaongeza ngome ya Karazhan kwa watu 10 tu. Mwishoni mwa 2008 Wrath of the Lich King ikaipa kila ngome sura mbili, ya watu 10 na ya watu 25. Septemba 2013, katika ngome ya Siege of Orgrimmar, likaja wazo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililookoa vikundi vya burudani kuliko mengine yote: ngazi ya ugumu inayopokea kikundi cha idadi yoyote kati ya 10 na 25, bosi akiongezewa au kupunguziwa nguvu kulingana na waliofika. Tangu Novemba 2014 utaratibu huo ukawa wa kawaida, kuanzia watu 10 hadi 30, isipokuwa ngazi ya juu kabisa iitwayo Mythic, ambayo bado inadai watu 20 kamili, asizidi mtu wala asipungue. Tazama mwelekeo wa miaka hiyo kumi. Ugumu haukuondolewa, mabosi wa Mythic ni wagumu hadi leo. Kilichoondolewa kidogo kidogo ni sharti la kuhesabu vichwa.

Watengenezaji walikuwa na sababu nzuri ya kuhangaika na vichwa. Chukua kikundi chenye watu kumi hasa, kinachocheza uvamizi unaohitaji watu kumi, na mpe kila mmoja sifa njema: hukosa wiki moja tu kati ya kumi. Katika kwaya au timu ya mtaani mtu wa namna hiyo angehesabiwa mwaminifu. Lakini uwezekano wa wote kumi kufika usiku mmoja ni tisa ya kumi ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani asilimia 35 hivi. Wiki mbili kati ya tatu, kikundi cha watu waaminifu hakitimii. Kama kila mmoja hukosa wiki moja kati ya tano, jambo la kawaida kabisa kwa mwenye mtoto mchanga au zamu za usiku, uwezekano unaanguka hadi karibu asilimia 11: usiku mmoja kati ya tisa. Hapo hakuna aliyevunja ahadi. Kila mtu amefanya vizuri, kikundi kimekufa, na waliobaki wanalaumiana kuhusu nani hakusoma mbinu za bosi wa tatu.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba watu hukosa kila mmoja kwa sababu yake, na kwa kweli hali ni mbaya zaidi. Watu hukosa kwa pamoja. Mkesha wa Idi, wiki ya Krismasi, fainali ya mpira, umeme ukikatika mtaa mzima wanakoishi marafiki watatu waliojiunga pamoja: hayo hayaji kwa mafungu ya mmoja mmoja. Kisha kuna majukumu. Uvamizi mwingi huhitaji tanki wawili, yaani wachezaji wanaopokea mapigo ya bosi ili wengine wapumue, na waponyaji wawili au zaidi. Tanki wawili wenye uaminifu ule ule wa tisa ya kumi huonekana pamoja wiki nne kati ya tano. Wiki ya tano kuna washambuliaji wenye hamu na hakuna tanki wa kutosha wa kusimama mbele. Kwa hiyo anayeorodhesha watu lazima ahesabu mara mbili, watu kwanza na kazi baadaye, na mshambuliaji aliye tayari kushika ngao mmoja anapokosekana ana thamani kuliko mshambuliaji hodari asiyejua kingine.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kuongeza orodha, nayo inafanya kazi kwa kiasi kinachoshangaza. Watu kumi na watatu wenye kukosa wiki moja kati ya kumi watatoa angalau kumi katika wiki 97 kati ya 100. Hata wale wa kukosa wiki moja kati ya tano watatimia wiki tatu kati ya nne. Majina matatu tu ya ziada yanageuza kikundi kinachokufa kuwa kikundi kinachoishi. Lakini dawa ina sumu yake: wiki nyingi watafika kumi na mmoja au kumi na wawili, na kama mlango unapokea kumi pekee, mmoja au wawili watakaa benchi. Mchezaji wa mpira akikaa benchi huona mechi, huvaa jezi, huenda akaingia dakika ya sabini. Aliyekaa benchi kwenye uvamizi anaangalia kioo kitupu usiku alioupigania nyumbani kwake. Akifanyiwa hivyo mara mbili, ya tatu haji, na orodha inarudi kumi. Ndiyo maana nasema ngazi ya idadi huria ndiyo nguzo ya kikundi cha burudani: inaruhusu majina ya ziada bila benchi. Kikundi kinachochagua kucheza Mythic kwa usiku mmoja wa wiki kinairudisha shida hiyo kwa hiari, na mara nyingi kwa ajili ya fahari tu. Penye gemu isiyo na idadi huria, kama Final Fantasy XIV ambamo uvamizi wa kawaida huchukua watu wanane, au Destiny ambamo huchukua sita, hesabu ni nyepesi kidogo lakini haifutiki: watu wanane wa tisa ya kumi hutimia wiki 43 kati ya 100, na sita wiki 53. Huko msimamizi lazima awe na zamu ya benchi iliyoandikwa na kujulikana mapema, ili anayekaa leo ajue jana kwamba atakaa.

Sasa saa. Hapa ndipo pingamizi kubwa huinuka: huu ni mchezo, watu wamekuja kupumzika, na ukianza kuwapangia muda na adhabu umewarudisha ofisini. Pingamizi hili lina haki yake, lakini linachanganya mambo mawili. Kulegeza matokeo kunamgharimu kila mtu kidogo na kwa usawa: tukishindwa kumuua bosi, tumeshindwa wote. Kulegeza saa kunawagharimu waliofika kwa faida ya ambaye hajafika. Watu ishirini wakimngoja mmoja kwa robo saa, zimepotea saa tano za binadamu, na zimepotezwa na wale hasa walioheshimu miadi. Wiki ijayo mwenye akili atakuja robo saa baadaye, kwa kuwa amejifunza kwamba saa mbili maana yake ni saa mbili na robo. Baada ya mwezi uvamizi wa saa tatu umebaki saa mbili, na mabosi waliokuwa wakifa usiku mmoja hawafi tena. Kwa nje inaonekana watu wamepungukiwa ujuzi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa jambo hili na gemu. Chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, au ule mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ni kikundi cha hiari kabisa, chenye gumzo, chai na vicheko, na bado mara nyingi kina daftari na faini ya kuchelewa. Faini ni ndogo, haimfilisi mtu. Kazi yake ni kusema kwamba waliofika wameonekana. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza wavuvi, wakulima wa mifereji na wachungaji wanaotumia mali ya pamoja bila serikali wala bwana mmoja, na katika kitabu chake cha 1990 alionyesha kwamba vikundi vilivyodumu vilikuwa na sifa zinazofanana: kanuni zimetungwa na walewale zinaowabana, wapo wanaoangalia kama zinafuatwa, na adhabu huanza ndogo kisha hupanda. Usiku mmoja wa watu ishirini ni mali ya pamoja ya namna hiyo. Kanuni inayotosha ni fupi: tunaanza saa iliyotajwa na tuliopo, anayejua hatakuja aseme kabla ya adhuhuri, na asiyesema mara tatu mfululizo nafasi yake hupewa mwingine bila ugomvi, naye anakaribishwa tena kama mgeni. Programu ya kujiandikishia, iwe kalenda ya ndani ya gemu au chumba cha Discord, ni chombo tu. Kikundi kisichokubaliana kuhusu saa hakiokolewi na programu.

Suala la nyara linafuata, nalo limezaa ugomvi kuliko mabosi wote. Katika uvamizi wa watu 40, bosi mara nyingi aliacha vitu viwili au vitatu vya thamani, kwa hiyo wengi walirudi mikono mitupu wiki baada ya wiki. Tangu siku za EverQuest, gemu iliyotoka 1999, vikundi vilibuni hesabu ya pointi za kuua majoka, zinazojulikana kwa herufi DKP: kila anayehudhuria hupata pointi, na kitu kikianguka huchukuliwa na mwenye pointi nyingi au anayetoa dau kubwa. Wengine wakaweka baraza dogo la wazee wanaoamua nani apewe kwa faida ya kikundi. Wengine hurusha bahati, namba kutoka 1 hadi 100, mkubwa akabeba. Wapenzi wa pointi husema huo ndio uadilifu, kila mtu avune alichopanda. Kwa kikundi cha kila usiku nakubali. Kwa kikundi cha wiki, pointi hufanya kinyume cha lengo. Humlimbikizia yule asiyekosa, ambaye tayari ana silaha nzuri, na kumwambia mama aliyerudi baada ya miezi miwili ya uzazi kwamba atangoja hadi mwisho wa msimu. Kikundi kimeundwa kwa ajili ya watu wanaokosa, halafu kinawatoza kwa kukosa! Baraza nalo linahitaji kuaminiana kwa miaka, na uamuzi wake mmoja mbaya huzungumzwa kuliko ushindi kumi. Bahati yenye kizuizi ndiyo inayofaa: kila mtu anarusha, lakini aliyekwisha kubeba kitu kikubwa usiku huo anasubiri hadi wengine wamalize. Haileti haki kamili. Inaleta usiku usio na kesi, na mgeni wa wiki ya kwanza anaweza kuondoka na upanga.

Blizzard wenyewe waliyumba kwenye suala hili kwa namna inayofundisha. Mwaka 2018, katika toleo la Battle for Azeroth, waliondoa uwezo wa kiongozi kugawa nyara, kila mchezaji akapewa chake na mfumo. Malalamiko ya upendeleo yakapungua, lakini watu wakajikuta hawawezi kumpa rafiki kitu ambacho wao hawakihitaji kama mfumo haukuruhusu. Mwishoni mwa 2022, katika toleo la Dragonflight, ugawaji wa kikundi ulirudishwa kwenye uvamizi. Watu wanataka kulindwa dhidi ya dhuluma, na wanataka pia kuwa na kitu mkononi cha kupeana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini taabu yote hii, wakati tangu 2011 World of Warcraft ina kitafutio cha uvamizi kinachokukutanisha na wageni 24 kwa kubonyeza kitufe, saa yoyote, bila orodha wala faini. Kwa anayetaka kuona hadithi na mandhari ya ngome, kitafutio kinamtosha, na asidharauliwe. Lakini kinatoa kitu tofauti. Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha PARC huko California, wakitazama mienendo ya wachezaji wa gemu hii, waliona kwamba wengi hutumia muda mwingi wakiwa peke yao huku wamezungukwa na watu, wengine wakiwa kama hadhira na mandhari ya nyuma kuliko wenzi wa kazi. Kitafutio kinaihamishia hali hiyo ndani ya ngome. Watu 25 humpiga bosi mmoja na kutawanyika bila kuambiana kwaheri. Mmoja akikosea anafukuzwa kwa kura badala ya kufundishwa, kwa kuwa mgeni mwingine atakuja baada ya dakika chache. Penye uhakika wa kukutana tena wiki ijayo, mwalimu na mwanafunzi wote wana sababu ya kuvumiliana. Zaidi ya hayo, mabosi wa kitafutio wamelegezwa hadi makosa hayaadhibiwi, kwa hiyo hakuna cha kujifunza pamoja.

Wengine watasema nimeukwepa ujuzi, kwamba hakuna ratiba iliyowahi kumuua bosi. Kweli, bosi huuawa na watu wanaojua wasimame wapi. Ila ujuzi wa uvamizi ni wa kikundi, na unajengwa kwa marudio. Watu walewale wakimkabili bosi yuleyule wiki nne, wiki ya nne hawahitaji kuambiwa. Wakibadilika nusu yao kila wiki, kila wiki ni ya kwanza. Mahudhurio ndiyo chanzo cha ujuzi. Tena kuna ushahidi kwamba ujuzi peke yake hauzuii kifo. Mtafiti Mark Chen alikifuata kwa karibu kikundi cha watu 40 katika Molten Core, kilichotoka vyama mbalimbali na kuthamini urafiki kabla ya nyara, na kitabu chake cha 2011, Leet Noobs, kinaeleza maisha na kifo cha kikundi hicho. Walijifunza hadi wakawa mahodari, kisha wakavunjika. Nia zilikuwa zimeanza kuachana: wengine wakitaka kwenda mbele haraka, wengine wakitaka kukaa na wenzao. Ndiyo sababu sentensi moja ya nia, iliyoandikwa siku ya kwanza na kusomwa na kila anayejiunga, inafaa kuliko kurasa kumi za mbinu. Kwa mfano: tutamaliza ngazi ya kati kabla ya toleo lijalo, hatutaingia ya juu. Anayetaka ya juu atajua aende wapi, na ataondoka kwa amani.

Nani afanye kazi hii yote? Kwa kawaida mtu mmoja, na kwa kawaida anachoka kabla ya wengine. Yeye ndiye anayehesabu waliojiandikisha mchana, anayetafuta mponyaji saa ya mwisho, anayeita hatua wakati wa pambano, anayegawa nyara na kusuluhisha. Akiugua, kikundi kinaugua. Ushauri wa kupokezana uongozi kila wiki unavutia lakini haufai, kwa sababu kila wiki sauti inakuwa mpya na kanuni zinafasiriwa upya. Afadhali kazi igawanywe kwa aina: mmoja ashike orodha, wa pili aongoze pambano, wa tatu asimamie nyara. Mwenye orodha asiwe mwenye pambano, maana anayejua nani hajafika huwa na hasira isiyofaa kusikika katika vipaza sauti.

Kuna jambo la mwisho linalowagusa hasa Waswahili walio katika vikundi vya Ulaya. Kikundi kinachoanza saa 20:00 za Berlin kinamkuta mtu wa Nairobi au Dar es Salaam saa tatu usiku wakati wa kiangazi cha huko, na saa nne usiku wakati wa baridi, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Kwa mwenzake wa Muscat ongeza saa moja zaidi. Hapo tena kuna kitendawili cha saa yenyewe: anayeandika «tuanze saa 2» anaeleweka na nusu ya kikundi kuwa ni jioni, na nusu nyingine wakadhani ni alasiri au usiku wa manane, kwa hiyo namba za saa 24 ndizo ziandikwe, pamoja na jina la mji. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, uvamizi uliokuwa ukimalizika saa sita usiku Dar es Salaam unamalizika saa saba, siku ya kazi ikingoja. Anayehudhuria wiki tisa kati ya kumi anaweza kugeuka kuwa wa sita kati ya kumi bila kubadilika tabia hata kidogo. Mwenye orodha anayeijua hesabu yake huuliza swali hilo mwanzoni mwa Septemba, wakati bado kuna muda wa kumtafuta mtu wa kumi na nne.